Mwaka Nilionyimwa Usingizi

Alipokufa Mzee Gwakisa, Anyosisye alinipigia simu kabla hata familia haijamaliza kupangana mambo ya msiba, akasema kwa sauti ile ya watu wanaoleta habari wakitegemea ulie, "Kaka, mwenyekiti wetu hatunaye." Nikamjibu kwamba nimesikia. Akasubiri niseme pole, nami nikasubiri akate simu. Anyosisye alikuwa beki wetu wa kulia, aliyecheza nyuma yangu, mtu mwema aliyezeeka vizuri, ana shamba la mpunga Ngonga na wajukuu wanaomsumbua, na kosa lake pekee ni kudhani kwamba kifo kinamsafisha mtu. Nilikwenda msibani kwa sababu kwetu usipokwenda watu wanaanza kukuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyeua. Nikakaa kwenye benchi la wachezaji wa zamani, wote tumeota vitambi, wote tumelowa jasho, nikala wali wa marehemu na nyama ya ng'ombe wa marehemu, nikawasikiliza mchungaji na viongozi wa timu wakipokezana kipaza sauti kumwita mlezi wa vipaji. Mimi ni mmoja wa hivyo vipaji. Alinilea mwaka mmoja, ndani ya nyumba yake, na mpaka leo nikipanda ngazi natanguliza mguu wa kushoto na kuuvuta wa kulia. Msemaji mmoja aliposema marehemu aliujua mwili wa mchezaji kuliko daktari yeyote, nilicheka. Ilinitoka tu. Anyosisye akanikanyaga kidole cha mguu, na mama mmoja wa kwaya akageuka kunitazama kwa macho ambayo hayakuwa ya Kikristo.

Mwaka ninaousema nilikuwa winga wa kulia wa Mbasa, timu ya Kyela iliyokuwa inahangaika kupanda daraja, na nilikaa kwa mwenyekiti kwa kuwa ndiko wachezaji walikokaa wakati huo. Mzee Gwakisa alikuwa mnunuzi wa kakao na mzee wa kanisa, na nyumba yake ya Ipyana ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule kubwa mbele, na nyuma chumba kimoja tulichogawana mimi na kakao. Masanduku ya mbao yalijaa punje mbichi zilizofunikwa majani ya migomba, zinachacha, zinatoa joto na harufu kali inayokaa kati ya siki na pombe, mpaka fulana zangu zote zilinuka hivyo na wasichana wa Kyela mjini wakawa wananitania kwamba nakunywa asubuhi. Ukuta wa chumba haukufika juu. Uliishia chini ya kenchi, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilinifikia kitandani kama vile nimeketi nao. Mengi ya maisha yangu ya mwaka ule niliyasikia kwanza kupitia pale juu, nikiwa nimelala chali.

Mzee Gwakisa alikuwa na elimu yake mwenyewe ya mpira, aliyoipata kwa kutazama mlima. Sisi tunaishi chini, kando ya ziwa, kwenye joto na unyevu wa kumfanya mtu ajikaushe uso akiwa amekaa. Ukipanda barabara kidogo tu unafika Tukuyu, na Tukuyu watu wanavaa makoti. Kila tulipopanda kucheza huko, au Mbeya, tulishika viuno na kukohoa wakati wenyeji wanakimbia. Kwa hiyo Mzee akahitimisha kwamba watu wa juu wanayo hewa ambayo sisi hatuna, na kwamba hewa hiyo inachukulika, mtu anaweza kwenda kuichota na kuteremka nayo kama anavyoteremka na gunia la viazi. Akaanza kutupeleka kulala Tukuyu kabla ya mechi za nyumbani. Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya mikeka, baridi inatutafuna, na asubuhi tukapangwa uani mikono juu tuvute pumzi ndefu, yeye amesimama mbele na koti lake anatusimamia, halafu tukapakiwa kwenye lori la kakao kurudi Kyela kucheza jioni. Mara ya kwanza tuliishindilia mabao timu kutoka Mbeya mjini. Ukweli ni kwamba wale Mbeya walikuja na jezi nzito za mikono mirefu, maji hawakubeba ya kutosha, na jua letu likawapika mpaka kipa wao akatapika golini. Mwenye macho angeona kwamba joto letu la Kyela ndilo lililotushindia, na kwamba ile baridi ya Tukuyu ilitupunguzia usingizi tu. Lakini Mzee aliona alichotaka kuona, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Jina langu lilitajwa redioni tukiwa mezani. Mama Tumpe, mke wa Mzee, alikuwa ametupikia samaki mbasa wabichi wa ziwani kwa nyanya na bamia, na wali wetu wa Kyela ambao harufu yake inatangulia sahani. Mtangazaji akasoma majina ya timu ya taifa ya vijana, inayokwenda Addis Ababa, na langu likiwemo. Mama Tumpe akaweka mwiko chini akaanza kupiga vigelegele. Nilikuwa sijawahi kufika hata Iringa. Mzee Gwakisa hakunipa mkono. Alimgeukia kocha wetu, Mwalimu Ambonisye, aliyekuwa akila nasi jioni ile, akamuuliza kama Addis Ababa iko juu kuliko Tukuyu.

"Iko juu sana, Mzee. Tukuyu haifiki hata karibu."

"Basi mwanangu atarudi na hewa ya kutosha timu nzima," akasema, akaendelea kuchambua samaki. Tulicheka wote, nikiwemo mimi. Nilidhani ni utani.

Addis sikuiona. Niliona chumba cha hoteli chenye mapazia mazito, nikilala na kipa mmoja wa Tanga aliyekuwa anaomba dua kila lifti ilipogonga. Usingizi ulinikataa. Nilikuwa nasinzia, halafu moyo unanishtua kana kwamba nimekimbizwa, kinywa kikavu, kichwa kinagonga, na asubuhi mto una damu ya puani. Mkate wao mpana wenye uchachu niliupenda siku ya kwanza, baadaye hata kuutazama sikutaka. Kwenye basi la timu nilimsikia mchezaji mmoja mzoefu akimwambia mwenzake, "Hapa usifukuze mpira usio wako, utabaki hukohuko ulikoufuata." Niliingia kipindi cha pili, nikaufukuza mpira usio wangu. Ulipaa mbali kuliko nilivyozoea, nikaukimbilia kwa nguvu zangu zote za Kyela, na nilipofika niliinama mikono magotini nikitafuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Baada ya mechi daktari wa timu, mama mmoja asiye na haraka, alinikalisha akanieleza kwa lugha rahisi. Huku juu mwili unafanya kazi hata ukiwa umelala. Wanaofaidika na mwinuko ni wanaoishi nao miezi na miaka, siyo wageni wa siku chache kama sisi. "Siku hizi hazikupi kitu," akasema, "zinachukua tu. Ukiongeza ndege, viwanja vya ndege, basi, unafika nyumbani mwili umekauka. Kwenu kuna joto. Usicheze wiki hii. Lala, kunywa maji, tembea, lala tena." Kocha wa timu ya taifa naye akaja akanigonga bega, akasema amependa nilivyothubutu, na kwamba mechi ya marudiano Dar jezi namba saba ni yangu nikirudi mzima. Nikirudi mzima. Maneno hayo mawili niliyabeba kuliko begi langu.

Siku hizi naangalia mpira kwenye televisheni na mpwa wangu, na kila wachezaji wa timu kubwa wakirudi kutoka kuzitumikia nchi zao yeye anakasirika kumwona nyota wake benchi. Anamtukana kocha. Namwambia yule ametoka bara jingine, amebadilisha saa na hali ya hewa, miguu yake haijafika hata kama mwili uko pale uwanjani. Mpwa wangu ananijibu kwamba wanalala kwenye ndege, viti vinageuka vitanda. Ana akili nzuri kijana huyu, lakini hapo ninasikia sauti ya Mzee Gwakisa ikitoka kinywani mwake, na inabidi niondoke nikanywe maji.

Safari ya kurudi ilikuwa hivi. Tulikaa uwanja wa ndege mpaka tukalala sakafuni, vichwa juu ya mabegi. Ndege ikatufikisha Dar, nikateremka kwenye joto nililokuwa nimelisahau, na alfajiri nikapanda basi. Morogoro, Iringa, Mbeya, kutwa nzima magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Nilipoanza kuuona mteremko wa Tukuyu na mashamba ya chai, vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba mpaka kamba za viatu hazikufika. Mechi ya kupanda daraja ilikuwa kesho yake. Stendi ya Kyela walinipokea kwa ngoma.

Na hapo ndipo walipoanza kuniua kwa wema. Kwetu aliyetoka safari ya mbali hapiti mlango bila kunawa mikono. Kila nyumba itakayomwona lazima imlishe, na akikataa amewatukana. Mzee Gwakisa alinishika mkono akanitembeza mwenyewe, maana alitaka nionekane. Kwa katibu wa timu nikala wali na kuku. Kwa Mwalimu Ambonisye nikala ndizi mbalaga na maharage. Kwa mzee mwingine wa kanisa nikapewa tena wali, na chai ya maziwa juu yake, na nikawa nashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo, kila tonge kama jiwe, na macho yanajifunga yenyewe. Mahali fulani nilisinzia nikiwa na tonge mkononi, watu wakacheka, katibu hakucheka. Njiani nilimwambia Mzee aliyoyasema daktari. Nilimwambia kwa heshima, nikimwita tata, yaani baba, kwamba nimeagizwa nisicheze wiki ile, nilale na kunywa maji.

"Daktari huyo kwao wapi?"

"Sijui, tata. Nadhani Moshi."

Mzee akasimama katikati ya barabara. "Moshi wana mlima wao, mwanangu. Unadhani atakwambia siri yao?"

Nilipofika chumbani, jua halijazama, nilijitupa kitandani na viatu. Nikasikia viti vinavutwa sebuleni. Mwalimu Ambonisye alianza, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi. "Mzee, kijana amechoka. Kesho tumwanzishe benchi, tuone."

"Amechoka kwa lipi? Ndani ya ndege unakaa. Ndani ya basi unakaa. Alikuwa analima?"

"Hayo ni maringo," katibu akadakia. "Ameshaiona Dar. Miguu anawatunzia wenyewe wa Dar, sisi tumekuwa washamba."

Mama Tumpe akasema kutoka mlango wa jikoni, "Baba Tumpe, mwacheni mtoto alale. Hamuoni macho yake?"

"Akilala hewa inatoka," Mzee akajibu. Hakuwa anatania. Aliwafafanulia kwa utulivu kabisa, kama anavyofafanua bei ya kakao, kwamba hewa ya juu ikikutana na joto la Kyela mtu akiwa amelala inavuja yote kwa jasho, ndiyo maana kutoka Tukuyu tulikuwa tunateremka siku hiyohiyo ya mechi. Huyu amekaa njiani, imeshapungua. Kilichobaki ni kumshikilia macho mpaka kesho. Na Mwalimu Ambonisye, aliyesoma chuo cha ualimu, aliyefundisha watoto wa watu sayansi, akasema sawa, Mzee. Nilikuwa nimelala chali nikitazama kenchi, nikaelewa kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja katika nyumba ile atakayenisaidia ila yule asiye na sauti ya kuamua.

Mzee akaja kugonga. "Amka, mwanangu. Nenda ukatembee." Nikatembezwa barabara ya Ipyana kama ng'ombe mgonjwa, Anyosisye akiwa ameagizwa anisemeshe nisilale. Tulipofika penye migomba ya kwao alinikalisha nyuma ya banda, akasema, "Lala kidogo, mimi nitaongea peke yangu." Nikamsikia akianza kusimulia kwa sauti kubwa habari za harusi ya shangazi yake, ili apitaye asikie tunaongea. Nililala pale nimeegemea ukuta mpaka katibu alipotufumania. Kwa sababu ya usingizi ule mfupi nitamvumilia Anyosisye na misiba yake mpaka mmoja wetu azikwe.

Mechi yenyewe sina hamu ya kuisimulia, nitaisimulia kwa hasira tu. Uwanja ulifurika, watu wamepanda hadi juu ya malori, na joto lilikuwa limetulia bila upepo. Mwanzoni nilikimbia, kwa kuwa kelele za watu zinaweza kumkimbiza hata maiti. Halafu miguu ikawa mizito. Halafu nikagundua sitoki jasho tena, ngozi kavu, na ndimi za baridi zinanipanda mgongoni kwenye jua lile. Nilimtazama Mwalimu Ambonisye nikamwonyesha kwa mkono kwamba nitoke. Yeye akamtazama Mzee Gwakisa. Mzee, kwenye kiti chake cha mbao kando ya mstari, akainua mikono juu na kuvuta pumzi ndefu, akinikumbusha. Kipindi cha pili nikarushiwa mpira kwenye kona, nikaukimbilia, na nyuma ya paja la kulia msuli ukachanika, sauti nikaisikia mwenyewe kama muuza duka anayechana kanga. Nilianguka. Wakaninyanyua, wakanimwagia maji, wakaniacha ndani nikichechemea, na bao lililotuua likapita upande wangu, pale ambapo nilipaswa kumsaidia Anyosisye. Hatukupanda daraja. Filimbi ya mwisho ilipolia sikusikia mtu akisema kijana ameumia. Nilisikia ameuza. Ameuza mechi. Walinitupia maganda ya miwa, na mtu mmoja niliyekula kwake wali jana yake alinitemea mate kwenye bega. Mzee Gwakisa alipita karibu yangu akiwa amebeba kiti chake, hakunitazama.

Wiki iliyofuata nilikwenda Dar, nimefunga paja kwa kitambaa cha Mama Tumpe, nikijidanganya kwamba labda. Daktari alilibonyeza mara moja, nikaruka. "Ulicheza," akasema, na wala halikuwa swali. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Akanipa dawa, akaniambia nipumzike miezi, akaenda kuzungumza na kocha mlangoni, nikaona kocha anatikisa kichwa na kutazama karatasi yake. Jezi namba saba ilivaliwa na kijana wa Mwanza, alicheza vizuri, Mungu ambariki, na hakuivua tena. Mimi sikuitwa tena maishani. Nililia kwenye basi kuanzia Mikumi, wazi, mbele za watu, na dada mmoja aliyekaa pembeni akanipa karanga bila kuniuliza kitu.

Stendi ya Kyela hapakuwa na mtu wa kunipokea. Nilitembea mpaka Ipyana, taratibu, begi begani, na nyumba zile zote zilizonilisha hazikunikaribisha hata maji. Ilikuwa mchana. Nilishangaa kukuta uani kumetulia, Mama Tumpe hatwangi, redio imezimwa, na masanduku ya kakao yametolewa nje na kupangwa chini ya mwembe, yale ambayo niliomba mara ngapi yatolewe nikaambiwa kakao ni mali kuliko pua yangu. Dirisha la chumba changu lilikuwa wazi. Mzee Gwakisa aliponiona aliinuka haraka kwenye kiti chake cha barazani, akaja kunikuta kabla sijafika mlangoni, ameweka kidole mdomoni.

"Polepole na mlango, mwanangu," akaninong'oneza. "Mwenzako amelala. Winga mpya, tumemtoa Malawi. Kafika asubuhi hii kutoka Karonga, safari imemchosha, na kesho ana mechi. Nimewaambia wote, mchezaji aliyetoka safari aachwe alale."

Karonga. Kutoka Kyela unakwenda sokoni Karonga na kurudi kabla jua halijazama. Akina mama wanakwenda na matenga kichwani.

Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, au kejeli, nikakosa vyote. Alikuwa amesema kwa moyo mweupe. Maneno ya daktari niliyomweleza barabarani, neno kwa neno, alikuwa ameyasikia. Muda wote ule nilikuwa nikimwita mjinga moyoni, na ujinga ningeusamehe, kwetu tunasameheana ujinga kila Jumapili. Lakini alikuwa ameelewa. Ilimbidi tu aone kwanza mguu wa mtu ukichanika ndipo aamini, na mguu aliochagua kujifunzia ulikuwa wangu, na sasa anamfundishia mwingine huku mimi mwenyewe nikiwa nimesimama mbele yake nachechemea.

Niliingia. Kijana wa watu alikuwa amejinyoosha kwenye godoro langu, mdomo wazi, upepo wa dirishani unamcheza, kando yake jagi la maji limefunikwa kwa sahani. Nikakusanya nguo zangu. Nikatoka, nikaushika mlango, nikaubamiza kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, mabati ya nyumba nzima yakatetemeka, na nyuma yangu nikamsikia Mzee Gwakisa akiniita kwa jina nililobatizwa, ambalo hakuwahi kulitumia. Sikugeuka. Nilikwenda Ngonga kwa Anyosisye, nikaomba mkeka, na nikalala mpaka mechi yao ikaisha.